Jibwa Mlangoni pa Majengo

Serikali ya Kiingereza ilipojenga boma lake Embu mwaka 1906, na la Meru mwaka 1908 kwa mkono wa Bwana E. B. Horne, ambaye wenyeji walimlakabu Kangangi, waliandamana nayo askari, wapagazi, makarani na wachuuzi, na wengi miongoni mwao walikuwa Waislamu wasemao Kiswahili. Na watu hao, pamoja na wenyeji waliosilimu na kuoana nao, ndio walioipa uhai mitaa ambayo katika miji yote miwili huitwa Majengo. Pande zote walizungukwa na Wameru, Waembu na Wambeere, wakulima na wasasi, ambao kwao mbwa alikuwa mmoja wa watu wa boma, akilinda mbuzi usiku na kuandamana na vijana porini mchana. Hapo ndipo lilipozuka suali ambalo mpaka leo halijapata utulivu: Mwislamu akaaye baina ya watu wa mbwa afanyeje na jibwa changa, lenye nguvu na lisilofunzwa adabu, ambalo mwenyewe amelitupa na sasa linanusa mlangoni pake?

Wengi hudhani jawabu ni jepesi, kwamba mbwa ni najisi na maneno yamekwisha. Ni kweli kwamba madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani na bara, yanayahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, hata chombo alichokiramba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Walakini sharia hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba; na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliona kwamba kulinda nyumba nako kwaingia humo kwa njia ya kiyasi, yaani kulinganisha jambo na lililofanana nalo. Kurani yenyewe, katika Sura ya al-Maida, imehalalisha windo lililoshikwa na mnyama aliyefundishwa, na katika Sura ya al-Kahf imemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni bila ya kumtusi.

Lililo la ajabu zaidi, nami silisikii likisemwa barazani, ni kwamba mafakihi walimwekea mbwa mafunzo yenye mpango. Nawawi huyohuyo, katika Minhaji, kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi katika darasa za pwani, ameshurutisha kwamba mbwa hahesabiwi kuwa amefunzika mpaka akitumwa aende, akikemewa aache, na akishika windo alizuie wala asilile. Tena haitoshi kutenda hivyo mara moja, bali sharti yakaririwe hata mtu apate dhana yenye nguvu kwamba amejua. Wanaofunza mbwa siku hizi kwa ujira katika miji yetu hawaanzi kwingine ila hapo, penye kutii wito na kuacha akatazwapo.

Wasasi nao, kama ilivyo desturi ya wasasi wa kila nchi, walikuwa na chuo chao kisichoandikwa, mbwa mdogo akijifunza kwa kumfuata mkubwa. Kilichokivunja chuo hicho si dini, ni amri za serikali. Tangu zama za ukoloni kuwinda bila ya hati kulikuwa kosa, na mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ikaupiga marufuku uwindaji wote wa wanyama pori. Mbwa akabaki, kazi ikaondoka, na mafunzo yakaondoka pamoja na kazi. Tangu hapo aghalabu amekuwa ni wa kufungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku abweke, akipigwa akikosea, bila ya kufunzwa lililo sawa.

Mbali na hukumu ya najisi, kulikuwa na sababu nyingine za kumhofu mbwa. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja nje kidogo ya Nairobi, na baada ya hapo mbwa koko wa mijini wakawa ni wa kuuawa kwa risasi au sumu. Mbwa wakubwa nao walikuja na polisi, ambao kikosi chao cha mbwa kilianza mwaka 1948; na wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, mbwa wa kufuatia nyayo walitumiwa katika misitu ya Mlima Kenya, jirani kabisa na watu wa Meru na Embu. Si ajabu basi kwamba mtu mzima wa siku zile alipoliona jibwa alikumbuka bunduki iliyokuwa nyuma yake.

Siku hizi majibwa hutupwa, wala si kwa hofu hiyo. Mtu hununua kilebu cha kuchezewa na watoto, na kikitimia miezi 8 ajikuta na mnyama wa kilo 30 ambaye akili yake bado haijapevuka, anayerukia wageni na kung'oa kamba ya nguo. Basi humwacha barabarani, au, akiwa na ihsani kidogo, humfikisha kwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1910, ambacho huwachanja waliotupwa, huwahasi, na kuwatoa kwa watakaowalea.

Kwa rai yangu, mkaazi wa Majengo mwenye mifugo au ghala ya kulinda, na uwanja wa kutosha nje ya nyumba, hana la kuogopa katika kumchukua mbwa wa namna hiyo, maadam atatoa saa zake kila siku kumfunza taratibu, bila ya fimbo. Lakini aliyepanga chumba kimoja, na ua akishirikiana na majirani wanaotandika misala humo, asimchukue. Atamtesa mnyama na kuwaudhi wenzake, na mwisho atamtupa mara ya pili. Na atakayemchukua ampeleke kwanza kwa daktari wa mifugo akachanjwe, kwani kichaa cha mbwa, dalili zikishadhihiri kwa mwanadamu, ni nadra mno mtu kupona, na chanjo ya mbwa hurudiwa kila mwaka.