Barly Baruti, mchoraji kutoka Kisangani

Barly Baruti, mchoraji wa hadisi za picha, alizaliwa Kisangani mwaka wa 1959. Ni mwanamuziki pia. Kinshasa alianzisha Acria, kwa kufundisha vijana kuchora. Huko Ulaya alichora «Mandrill» pamoja na Mfaransa Frank Giroud, hadisi ya mjini Paris.

Lakini kwa watu wa mashariki, kitabu cha kutafuta ni «Madame Livingstone», cha 2014, alichofanya na Christophe Cassiau-Haurie. Ni vita ya kwanza ya dunia, kwenye Ziwa Tanganyika: ofisa Mbelgiji anawinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na mwenye kumuonyesha njia ni mwenyeji mwenye kuvaa sketi ya Waskoti. Shuleni vita ile tunaisikia paka kwa majina ya wazungu. Meli yenyewe Wajerumani waliizamisha wao wenyewe Kigoma, 1916. Waingereza wakaiinua, ikaitwa Liemba.