Safu ya Lugha: Siwa barafu si mlima

Matangazo ya safari za meli za kitalii kwenda Aktiki yanapotafsiriwa, yale mapande meupe yanayoelea huitwa "milima ya barafu". Si sawa. Mlima umekita ardhini, nasi tunao wenye barafu, Kilimanjaro. Pande la baharini lina jina lake: siwa barafu. Siwa ni kisiwa kikubwa. Neno barafu tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao "barf" ni theluji, na theluji yenyewe ni neno la Kiarabu. Siwa barafu humeguka kutoka barafuto, yaani barafu nene ya nchi kavu inayotambaa polepole hadi pwani. Ndiyo maana ikiyeyuka maji yake ni matamu, ingawa imezungukwa na chumvi.

Atasema mtu wa Wete: siwa haielei, mbona Pemba haijahama? Kweli, lakini jina limefuata sura, nchi iliyozungukwa na maji. Tena sehemu kama 9 kati ya 10 za siwa barafu zimezama. Nahodha wa ngalawa anayekwepa kipwa kilichofunikwa na maji huielewa hatari hiyo upesi kuliko mpanda mlima. Titanic, mwaka 1912, haikugonga mlima. Iligonga siwa barafu.