Kutii na Kuridhia: Operesheni Dodoma ya 1971 katika Mafunzo ya Saikolojia Jamii

Saikolojia jamii huchunguza namna fikra, hisia na matendo ya mtu yanavyobadilika kutokana na watu wanaomzunguka. Mwanafunzi anayeanza somo hili chuo kikuu hukutana mapema na majaribio ya Solomon Asch kuhusu shinikizo la kundi na ya Stanley Milgram kuhusu utiifu kwa mamlaka, yaliyofanyika Marekani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2007, maswali hayohayo yana historia katika vijiji vinavyokizunguka chuo. Insha hii inajenga hoja kwamba Operesheni Dodoma inadhihirisha, kwa kipimo cha miaka na si cha saa chache za maabara, tofauti iliyopo kati ya kutii na kuridhia.

Kabla ya operesheni hiyo, Wagogo wengi waliishi katika kaya zilizotawanyika. Peter Rigby, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1969, alieleza jinsi ng'ombe, undugu na ujirani vilivyoshikamana katika maisha hayo. Mtawanyiko huo ulikuwa na mantiki yake: katika nyanda kame zenye mvua haba, kaya ilihitaji kuwa karibu na shamba la mtama au uwele, na mifugo ilihitaji malisho mapana.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alitoa andiko la Ujamaa Vijijini, akisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa vijengwe kwa hiari ya wananchi wenyewe. Ukame ulioukumba mkoa mwishoni mwa muongo huo ulibadili mwendo wa mambo. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha Operesheni Dodoma ili kuwakusanya wakazi vijijini, ikiahidi maji, shule na zahanati. Rais mwenyewe alipiga kambi Chamwino na kushiriki kazi ya kufyatua matofali. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri kwa nchi nzima. Sheria ya mwaka 1975 ikavipa vijiji hadhi ya kisheria. Hivyo, katika miaka sita, sera ilipita kutoka kwenye ushawishi hadi kwenye amri.

Dhana mbili za saikolojia jamii husaidia kuyasoma mabadiliko hayo. Ya kwanza ni ya Kurt Lewin. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alilinganisha makundi ya akina mama wa Marekani waliohimizwa kupika moyo, figo na nyama nyingine za ndani. Miongoni mwa waliosikiliza mhadhara tu, asilimia 3 walizipika baadaye; miongoni mwa waliojadiliana na kuamua pamoja, asilimia 32 walifanya hivyo. Ya pili ni ya Herbert Kelman, ambaye mwaka 1958 alitenganisha utiifu wa nje, unaotegemea thawabu au adhabu, na ukubalifu wa ndani, unaodumu hata pasipo msimamizi.

Kwa mwanga huo, matokeo ya Dodoma yanaeleweka vyema zaidi. Jambo lililoweza kuamriwa na kukaguliwa, yaani mahali pa kujenga nyumba, kwa kiasi kikubwa lilitekelezwa, na kijiji kimebaki kuwa ngazi ya utawala hadi leo. Shamba la pamoja, lililohitaji moyo wa mtu kila msimu, halikupata kuwa mhimili wa kilimo. Mwili ulihamia kijijini; imani ya mkulima ilibaki kwenye shamba lake mwenyewe.

Hata hivyo, tafsiri hii ina mipaka. Kusuasua kwa wakazi hakupaswi kuelezwa kwa saikolojia peke yake, wala kwa madai ya ushikiliaji wa mila. Umbali kati ya kijiji, shamba na malisho ulikuwa gharama halisi. Vilevile, anayehama kwa sababu ya njaa hana uhuru wa kuchagua unaolingana na wa mshiriki wa jaribio anayeweza kuinuka na kuondoka. Hapo ndipo historia inapoirekebisha nadharia: inaonesha kwamba hiari haipimwi kabla ya kujua mtu ana akiba gani ghalani.

Kwa hiyo, kufundisha saikolojia jamii Dodoma pasipo kisa hiki ni kumwacha mwanafunzi aamini kwamba utiifu ni habari ya maabara za mbali. Kazi hiyo haina muda mrefu wa kusubiri. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa operesheni alitimiza miaka 70 mwaka 2021. Nyaraka za Serikali zinahifadhi amri zilizotolewa. Sababu za kuzitii, kuzikwepa au kuzikubali zimo katika kumbukumbu za wazee hao, na zisipokusanywa sasa zitazikwa pamoja nao.