Sanduku ya Kogo Imejaa Makaratasi za Kitambo? Usiwashie Jiko, Soma Hii Kwanza

Ka umelelewa Kericho ama Bomet, kuna sanduku ya mabati mahali, pengine chini ya kitanda ya kogo. Ndani kuna kipande ya babu, risiti za majani chai, Bukuit ne Tilil isiyo na jalada, na picha za watu huwajui. Wengi wetu huona takataka ya kuwashia moto. Lakini kuna wasee, hapa Kenya na majuu, wanasaka vitu ka hizo usiku na mchana. Na kwa hii mitaa yetu, karatasi ya zamani si pambo ya ukuta. Inasema shamba ilikuwa ya nani.

Cheki hii stori. 1919 serikali ya mkoloni ilitenga ekari karibu 25,000 huko Kericho, ikapea maofisa Waingereza waliolemaa kwa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mpango uliitwa BEADOC. Wakapanda kitani, ile mmea ya kutengeneza nguo, bei ikaanguka, mambo ikaisha vibaya. Wenyewe hawakurudishiwa. Miaka michache baadaye Brooke Bond na African Highlands ya James Finlay wakaingia na chai. 1934 ikapitishwa sheria ya kuhamisha Malaiboni, na ukoo wa Talai ukatupwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka huo huo ripoti ya Tume ya Ardhi ya Carter ikatoka, na volyumu tatu za ushahidi, na Wakipsigis wamo. Hizo zote zilichapishwa. 2022, Wakipsigis na Watalai walipopeleka malalamiko yao Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, hawangeenda mikono mitupu. Kesi ka hiyo hubebwa na makaratasi.

Sasa, ukitaka kuanza kukusanya, chanuka na hii kwanza: usitafute neno "Kipsigis" peke yake. Wazungu wa kitambo walituita "Lumbwa", ndio maana hata stesheni ya Kipkelion ilikuwa Lumbwa. Wengine waliandika "Kipsikis". Na Bomet ilikatwa kutoka Kericho 1992, so kitu yoyote ya Bomet ya kabla ya hapo utaipata chini ya Kericho. Wauzaji wengi hawajui hii, na hapo ndio we unapata bei poa.

Kwa vitabu, majina ya kushika si mengi. *The Nandi* ya Hollis ilitoka Oxford 1909. Ni ya majirani, lakini lugha na mila ni za ndugu. Peristiany alitoa *The Social Institutions of the Kipsigis* London 1939. Orchardson ndiye mimi humpenda zaidi, juu huyo jamaa aliishi na wazee, akaandika kati ya 1929 na 1937, na kitabu chake *The Kipsigis* hakikuchapishwa hadi 1961, tena kikiwa kimepunguzwa na Matson. Halafu kuna wetu wenyewe: Henry Mwanzi, *A History of the Kipsigis*, 1977, na Taaitta Toweett, yule mwanasiasa, aliyetoa vitabu vya historia na lugha 1979. Hizi za sabini watu wanazidharau. Kosa kubwa. Nakala zilikuwa chache, karatasi ilikuwa hafifu, na zinaisha haraka kuliko za mzungu zilizolindwa kwa laibrari za Uingereza.

Ukiinama kwa inama bookshop pale Nairobi, usiamini jalada. Fungua ukurasa wa jina, geuza nyuma yake, soma mwaka na ni chapa ya ngapi. Orchardson ilichapwa tena baadaye, so mtu asikuuzie ya pili kwa bei ya kwanza. Ukiona muhuri wa laibrari ya shule ama kaunti bila alama ya kuonyesha kitabu kiliondolewa rasmi, wachana nayo. Hiyo imeibwa.

Makaratasi madogo ndio tamu kwangu: barua zenye nembo ya kampuni, pakiti za chai, kadi za mishahara, tiketi za kupima majani. Kumbuka Unilever ilinunua Brooke Bond 1984, na hii miaka ya juzi mashamba ya Finlays na yale yaliyokuwa ya Unilever yameenda kwa Browns ya Sri Lanka. Kila kibao kikibadilishwa, ofisi hutupa makaratasi za jina la zamani. Ka una binamu anafanya huko, mwambie aulize vizuri kabla zichomwe. Aulize, asibebe kimyakimya.

Kipande ni kitu ingine. Kutoka 1920 mwanaume Mwafrika alilazimishwa kuitembeza kwa kopo ya chuma shingoni, ikiwa na alama za vidole na jina la mwajiri. Familia ikikataa kuuza, heshimu. Omba tu upige picha.

Na adui mkubwa huku ni hewa. Kericho mvua ni karibu kila mchana, na unyevu huleta ukungu. Toa sanduku kwa sakafu, weka juu ya mbao, mbali na moshi wa jikoni na jua ya dirisha. Seloteipu hapana, inaacha gundi ya kahawia haitoki milele. Na tafadhali, usilamineti! Najua tumezoea kulamineti vyeti, lakini ile joto inashikanisha plastiki na karatasi kabisa, na hakuna fundi atakuokoa.

Ukitaka kuona mahali hii tabia inaweza kukufikisha, ingia Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Joseph Murumbi, mtoto wa Eldama Ravine aliyekuwa Makamu wa Rais, alikusanya vitabu zaidi ya 8,000 vya kabla ya 1900, na ziko hapo.

Lakini kabla ya Nairobi, keti na kogo. Mpitishie picha moja moja, na kila jina akitaja, andika nyuma na penseli laini, si biro.