Breka ya Baba Mdogo

Mazoea yana taabu, walisema wahenga. Neno hilo hunijia kila ninapoitazama sakiti breka iliyoungua nusu, ambayo naihifadhi mezani kwangu. Ilitoka ukutani nyumbani kwa baba yangu mdogo kule Msangano, nami nina mkono wangu katika kuungua kwake.

Umeme wa jua ulipoingia kwake, mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Wilaya ya Momba ilikuja mwaka 2012 na mkoa mwaka 2016. Baba mdogo aliuza ufuta, akapanda gari hadi Tunduma, akarudi na paneli mbili ndogo, betri ya gari na taa tatu. Fundi akamfungia breka ya kawaida ya nyumbani, kama zile za nyumba za mjini. Ikafanya kazi miaka mingi bila kinyongo.

Ili tuelewe kwa nini ilivumilia, yafaa turudi nyuma kidogo. Seli ya jua ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa na watafiti wa Bell, Marekani, mwaka 1954. Mwaka 1958 ikapelekwa angani katika setelaiti ya Vanguard 1. Ilipofika vijijini Afrika Mashariki, mwenyeji wake alikuwa betri. Katika miaka ya 1980 huko Meru, Kenya, Wamarekani Harold Burris na Mark Hankins walifunga mitambo shuleni na kufundisha mafundi. Kwetu Tanzania, kituo cha mafunzo cha KARADEA, Karagwe, kilianza mwaka 1993. Paneli za siku zile ziliundwa ziifuate betri: seli 36, zitoazo volti 21 hivi zisipokuwa na mzigo, kiasi cha kuchaji betri ya volti 12. Hata aliyetaka mtambo wa volti 48 aliunga paneli nne mfululizo, akafika volti 84 au zaidi kidogo. Kwa hiyo breka za mitambo ile hazikuhitaji kuandikwa volti nyingi. Nasi vijijini tukazoea kusema, "Sola haiui."

Kisha mambo yakabadilika. Zikaja paneli kubwa za seli 60 na 72, moja peke yake ikiwa na volti 38 hadi 45. Vikaja pia vidhibiti chaji vinavyopokea volti nyingi kutoka darini na kuzishusha zilingane na betri. Faida yake ni kwamba volti zikipanda, ampea hupungua, na waya mwembamba hutosha. Baba mdogo naye akanunua paneli tatu za seli 72, zikaungwa mfululizo. Akaniuliza mimi, mwalimu wa fizikia, "Mwanangu, breka yetu ya zamani itafaa?"

Nikaisoma: 250V. Nikapiga hesabu ya paneli, nikapata volti 135. "Itafaa, baba. Inabeba karibu mara mbili."

Sikuitazama alama iliyofuata, kimstari kilichopinda kama wimbi. Maana yake ni kwamba volti zile 250 ni za mkondo geu, kama ule wa TANESCO. Mkondo huo, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, hupita sifuri mara 100 kila sekunde. Breka inapoachanisha vyuma vyake, cheche iliyoruka kati yao hufa pale mkondo unapogusa sifuri. Mkondo mnyoofu wa jua haugusi sifuri. Cheche hugeuka mwali, na mwali huendelea kula chuma na plastiki maadamu jua linawaka. Kwenye volti 21 za zamani, mwali ulikosa nguvu ya kusimama. Breka ile ilipona miaka yote kwa uchache wa volti, si kwa ubora wake.

Adhuhuri moja baba mdogo aliizima ili afunge taa mpya. Ikachirizika kama nyama kikaangoni, ikatoa mwanga wa bluu, plastiki ikaanza kudondoka. Jua halina swichi. Waliookoa nyumba ni vijana waliopanda juu ya bati na kuzifunika paneli kwa mablanketi. Baba mdogo aliungua vidole viwili.

Nilipofika, hakunigombeza. Alinipa ile breka, akanionyesha kimstari kwa kidole kilichofungwa kitambaa. "Mwalimu," akasema, "na hii hapa ilikuwa inasema nini?"

Tuliweka nyingine, iliyoandikwa mkondo mnyoofu, yenye volti zaidi ya 135 kwa nafasi ya kutosha, kwa kuwa asubuhi za baridi volti za paneli hupanda. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtambo wa zamani uliongezewa paneli mpya, usiiguse breka mchana. Ngoja giza liingie, chukua tochi, uisome hadi mwisho.