Hospitali Nayo Hupimwa

Mgonjwa anayetoka Iyunga kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au mjamzito anayekimbizwa hospitali ya wazazi ya Meta kujifungua, anajua kwamba akifika atapimwa: presha, damu, mkojo, uzito. Wachache wanajua kwamba wodi atakayolazwa nayo hupimwa. Wapo watu wanaoingia na fomu mkononi, wakafungua bomba kuona kama maji yanatoka, wakachungulia ndoo ya taka kuona kama kuna sindano iliyotupwa mahali pasipo pake, kisha wakasimama pembeni kuhesabu muuguzi amenawa mara ngapi kati ya kitanda kimoja na kingine. Kipimo hicho kina historia ndefu iliyogharimu maisha ya watu, na hatua yake moja kubwa hapa nchini ilianzia Mbeya.

Ilianzia wodi ya wazazi

Ignaz Semmelweis, daktari mzaliwa wa Hungary, alifanya kazi katika Hospitali Kuu ya Vienna, Austria, iliyokuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na wakunga, nyingine na madaktari pamoja na wanafunzi wao. Homa ya uzazi iliua akina mama wengi zaidi katika wodi ya madaktari. Semmelweis alichunguza hadi akabaini kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Mwezi Mei 1847 aliagiza kila mmoja anawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Aprili mwaka huo walikuwa wamekufa takriban akina mama 18 kati ya kila 100 katika wodi hiyo. Juni walikufa takriban wawili.

Wakubwa wengi wa fani hawakumwelewa, naye alifariki mwaka 1865 kabla hoja yake haijakubaliwa. Lakini alikuwa ameacha msingi ambao juu yake tathmini zote za leo zinasimama: hesabu vifo, linganisha wodi na wodi, tafuta mkono ulipopita.

Sindano tano za Yambuku

Afrika ilijifunza somo hilo kwa uchungu. Mwaka 1976, Ebola ilipoibuka Yambuku, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wachunguzi walikuta kwamba hospitali ya misheni ilikuwa ikitoa sindano tano kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wake. Sindano hizo zilitumika kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine bila kutakaswa inavyopasa. Katika mlipuko huo waliugua watu 318 na wakafa 280. Mahali watu walipokimbilia kupona ndipo wengi walipoupata ugonjwa.

Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, Uganda. Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor alikuwa miongoni mwa waliotambua mapema kinachoendelea, akaandaa wodi ya kuwatenga wagonjwa na kuongoza matibabu. Yeye na wauguzi kadhaa wa hospitali hiyo walipoteza maisha kwa ugonjwa huohuo. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Kwetu Tanzania, kilichobadili mambo ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na Mbeya, iliyokaa kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, ikawa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Damu iliyokuwa ikifutwa kwa kipande cha pamba sasa ilihitaji glavu. Sindano iliyokuwa ikichemshwa na kurudiwa ilianza kuogopwa na mchomaji na mchomwaji.

Mwongozo wa 2004

Mwaka 2004 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa taifa wa kukinga na kudhibiti maambukizi katika huduma za afya, ikishirikiana na shirika la Jhpiego. Wauguzi waliosomea kazi miaka ile wanaukumbuka kwa ndoo zake: vifaa vilivyotumika viloweke dakika 10 kwenye klorini ya asilimia 0.5, vioshwe kwa sabuni na brashi, visuuzwe, ndipo vitakaswe. Kwenye mashine ya mvuke, joto lifike nyuzi 121 na likae hapo dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa, dakika 30 kwa vilivyofungwa. Taka nazo ziligawanywa kwa rangi: ndoo nyeusi au ya bluu kwa taka za kawaida, ya njano kwa taka zenye maambukizi, nyekundu kwa zile za hatari zaidi. Sindano zikawa na boksi lake gumu.

Pamoja na mwongozo huo kikaja kitu kipya: kujipima. Watumishi walipewa orodha ya viwango vilivyoandikwa waziwazi, wakajipa alama wenyewe, wakabaini penye mapengo, wakayaziba, kisha wakaja wa nje kuhakiki. Kabla ya hapo neno la mkaguzi lilikuwa "pasafi" au "pachafu". Sasa kila jibu lilikuwa ndiyo au hapana, na hapana ilikuwa na anwani: chumba gani, kifaa gani, nani anahusika.

Mbeya inaonyesha njia

Mwaka 2007 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoingia katika mpango wa kuboresha huduma za hospitali ulioungwa mkono na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA. Mbinu yake ilizaliwa kwenye viwanda vya Kijapani, ikajaribiwa na kufaulu katika Hospitali ya Wanawake ya Castle Street, mjini Colombo, Sri Lanka. Kwa Tanzania, hospitali iliyochaguliwa kuanza ilikuwa Hospitali ya Rufaa Mbeya, tegemeo la wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini.

Hatua zake tano zinajulikana kwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kusasambua ndiko kulikoonekana kwanza kwa macho. Kitanda kilichovunjika, mashine iliyokufa, makabrasha ya miaka mingi, vyote vilibandikwa alama nyekundu na kuondolewa. Kazi hiyo ina uhusiano wa moja kwa moja na maambukizi. Meza iliyorundikwa vitu haifutiki. Sinki lililozibwa na maboksi halinawiwi. Seti ya kuzalishia isiyo na mahali pake maalumu hutafutwa mama akiwa tayari kitandani, na katika haraka ile ndipo kinapochukuliwa kifaa ambacho hakijatakaswa.

Kutoka Mbeya mbinu hiyo ilisambazwa kwenye hospitali za rufaa na za mikoa kote nchini. Nyanda za Juu Kusini zina haki ya kujivunia jambo hili. Lakini hatua ya tano, kushikilia, ndiyo ngumu kuliko nne zilizotangulia, kwa sababu haina siku ya uzinduzi.

Nyota, alama na mikono

Mwaka 2015/16 Serikali ilianza kuzipa zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya nyota kulingana na ubora wa huduma. Takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja. Duru ya pili ilipofanyika mwaka 2017/18, hali ilikuwa imepanda, na utekelezaji wa viwango vya kukinga maambukizi ulikuwa umevuka nusu ya vinavyotakiwa. Mwaka 2018 mwongozo wa taifa ulihuishwa, na Shirika la Afya Duniani likatoa kipimo chake chenye maeneo manane na jumla ya alama 800. Hospitali yenye alama 200 au pungufu huhesabiwa haijafikia hata kiwango cha msingi, na inayovuka 600 huwekwa daraja la juu.

Hata hivyo, fomu huweza kujaa vema huku mikono ikibaki michafu. Utafiti uliofanyika mwaka 2018 katika vituo 220 vya binafsi na vya mashirika ya dini nchini haukuishia kuuliza kama sabuni ipo. Watafiti walikaa wakatazama watumishi wakihudumia wagonjwa wa nje. Glavu zilivaliwa takriban mara 75 kati ya kila mara 100 zilipohitajika. Mikono ilisafishwa chini ya mara 7.

Takwimu hizo mbili zinaeleza mengi. Glavu humlinda mvaaji, kunawa humlinda mgonjwa anayefuata. Mwaka 2020 UVIKO-19 ilileta ndoo za maji tiririka kila mlango, na homa ya Marburg iliyotokea Kagera mwaka 2023, kisha tena Januari 2025, ikatukumbusha kwamba mhudumu wa afya ni miongoni mwa wa kwanza kuathirika kinga inapolegea. Hofu ya mlipuko huleta maji mlangoni kwa miezi kadhaa, lakini homa ya uzazi na kidonda kilichooza baada ya upasuaji havingoji mlipuko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya 100 wanaolazwa hupata angalau ambukizi moja wakiwa hospitalini, wakati katika nchi tajiri ni 7.

Kwa hiyo tathmini yenye maana ni ile inayotazama mikono ikiwa kazini, na ambayo majibu yake hubaki wodini kwa watu wenye uwezo wa kuyafanyia kazi. Kabrasha linalopanda gari kurudi wizarani na wakaguzi halimwoshi mtu mikono.

Wananchi tuna nafasi yetu hapa. Kila kituo cha umma kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wanaotokana na sisi, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Mjumbe anayetuwakilisha, awe wa Iyunga, wa Mbalizi au wa Iringa, ana haki ya kuuliza katika kikao alama za tathmini ya mwisho zilikuwa ngapi, pengo gani halijazibwa, na ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya sabuni, maji na vitakasa mikono. Maswali hayo yaulizwe kila robo mwaka, na majibu yake yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kituo.