Hukumu ya Kubeba Silaha Wazi Sokoni

Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wizi wa mifugo na ugomvi wa koo umewazoesha watu mapanga, pinde na mishale. Baada ya Vita vya Kagera (1978–79) zikaingia na bunduki. Je, kijana wetu aendaye huko kununua ng'ombe abebe silaha wazi mnadani?

Silaha ya kujilinda asili yake ni halali. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa (r.a.). Ikiwa mshale ni hivyo, sembuse bunduki yenye risasi! Sheria ya mwaka 2015 nayo inataka leseni. Asiye nayo haimjuzii kubeba bunduki, hata akiogopa wezi. Afuatane na wenziwe, mchana. Mwenye leseni asiionyeshe ikatisha watu.